Gego Langu Limekuwa Kipodozi

Leo asubuhi nimepigiwa simu na dada wa bima. Sauti laini kabisa, sauti ya mtu aliyekunywa chai kwa andazi na kutafuna pande zote mbili. "Baba, ombi lako limekataliwa. Hiyo onlei yako, kile kifuniko cha jino lililovunjika, iko kwenye kundi la urembo."

Urembo.

Ndugu zangu, naomba mnielewe. Jino tunalozungumzia ni gego la kwanza la chini, upande wa kushoto. Mke wangu tumelala kitanda kimoja miaka yote hii na hajawahi kuliona. Mimi mwenyewe mwenye mali nimeliona kwenye kioo cha daktari, tena kwa kubahatisha. Ili mtu baki alione itabidi nisimame kituoni Mwenge saa za watu kutoka kazini, nipanue kinywa, nijimulike kwa tochi ya simu. Hina ina mahali pake, wanja una mahali pake. Nani amewahi kujirembea karibu na koo?

Nikamuuliza kwa upole, maana anayeshika faili lako hagombezwi: "Sasa dada yangu, nikiling'oa je?"

"Ukiling'oa tunalipia, baba."

"Kulirudisha lilivyokuwa?"

"Hayo sasa ni mapambo."

Kwa hesabu hiyo, siku nikikatwa mguu watalipa haraka haraka, ila nikiomba gongo la kutembelea wataniuliza naelekea kwenye maonyesho gani ya mitindo.

Lilivunjikaje? Wali. Kila kilo ya mchele ina kijiwe kimoja, na kijiwe hicho kina jina la mtu. Mke wangu anaapa kwamba aliuchagua mwenyewe kwenye ungo, kwa hiyo hilo jiwe lazima nimetoka nalo kazini. Kijana wa duka la dawa alinipa vidonge vya maumivu na kunishauri nisitafune. Bosi wangu akasema, "Jino tu?" Jirani akaleta karafuu, akakaa nusu saa kunieleza jinsi shemeji yake alivyokufa kwa jino.

Nikaenda kliniki. Dokta mwenyewe binti mdogo, umri wa kumwita mwanangu, lakini ukishalazwa kwenye kile kiti, miguu juu kichwa chini, unamwita dokta kwa adabu zote. Akagonga hapa, akapuliza pale, mimi nikaruka. Akasema jino lilizibwa zamani kwa ile dawa ya rangi ya fedha. Kweli, nilizibwa nikiwa shule ya msingi, na nilipewa pipi ili ninyamaze. Kumbe ile amalgamu karibu nusu yake ni zebaki, na nchi za dunia zimeshakubaliana, kwenye Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, kupunguza matumizi yake. Mimi zebaki naijua ya wachimba dhahabu wa Geita. Kumbe miaka yote nilikuwa na mgodi wangu binafsi.

Lakini shida, anasema, ni ukubwa wa shimo. Kuta za jino zilibaki nyembamba, na gego linaweza kubana kwa nguvu inayopita uzito wa kilo 50. Enameli ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini, ila ikishakuwa nyembamba inapasuka. Gego lile kwa kawaida lina vichwa vitano, vile vinundu vya kutafunia. Langu limebaki na vitatu, na hivyo vitatu navyo havisalimiani.

"Si uzibe tu, dokta?"

"Baba, dawa ya kuziba haina ukuta wa kushika. Itatoka na kipande kingine."

"Basi nivishe hiyo taji wanayovishwa watu."

"Taji nitalazimika kulisaga jino lote kuzunguka, mpaka kuta ambazo bado ni nzima. Onlei inafunika vile vichwa vilivyovunjika na shimo lake, basi. Nyumba ikiezuliwa nusu ya paa unaezeka ile nusu, baba. Kuta huzibomoi."

Nilimwelewa papo hapo, maana nimepanga ndani ya nyumba ya aina hiyo. Nikauliza bei. Sitaiandika hapa, watoto wanasoma. Nikauliza kama hakuna ya mtumba. Hakucheka.

Nikapigwa ganzi, mdomo wa chini ukahama, nikawa nausikia uko kwa jirani. Akakwangua weee, halafu ukafika wakati wa kuchukua vipimo, maana onlei haitengenezwi kinywani, inatengenezwa maabara kwa kauri. Meno ya juu wakachukua kwa alginati, unga unaokorogwa na maji, na nesi akanieleza kwamba unatokana na mwani. Nikafurahi kwamba hela yangu angalau itawafikia akina mama wa Paje. Akanikatisha: huu ni mwani wa kahawia, wa bahari za baridi huko. Ule wa Zanzibar unakwenda kwenye vyakula, dawa ya meno na vipodozi. Vipodozi! Ningelijua hapo hapo kuwa hiyo ni dalili.

Kwa jino lenyewe wakatumia silikoni. Wanajaza kwenye kijisinia, wanakisukuma kinywani mpaka kinagusa mambo ya ndani kabisa, halafu unaambiwa utulie dakika tano. Sasa hapo ndipo simu yangu ikaita mfukoni.

Nesi, binti mwenye roho nzuri kupita kiasi, akaichomoa. "Baba, imeandikwa Mwenye Nyumba. Nikupokelee?"

"Mm-mm!"

"Haya." Akapokea. Akaweka na spika.

"Haloo! Bwana mpangaji! Habari za asubuhi?"

"Mmh."

"Alhamdulillah. Sasa bwana, ni lile suala letu la kodi. Saruji imepanda, maji yamepanda, maisha yenyewe unayaona. Nimeonelea miezi sita ijayo tuongeze elfu thelathini kila mwezi. Unasemaje?"

"MMMM-MMH!"

"Ndiyo maana nakupenda! Wenzio wa vyumba vya uani nimewaambia, wamenipigia kelele. Wewe ni muungwana."

Nikajaribu kuinuka. Dokta akanibana paji la uso kwa kiganja. "Tulia baba, ikihama tunaanza upya."

Simu ikanyamaza kidogo. "Nani huyo anasema kuhama? Wewe unataka kuhama?"

"Mm! Mm! Mm!"

"Baada ya wema wote niliokufanyia? Mwaka juzi si nilikuvumilia wiki nzima?"

Nesi akaona aokoe jahazi. "Hapana mzee, hahami mtu. Ni paa tu linatengenezwa."

Nadhani ndivyo anavyowaambia wagonjwa wote pale. Lakini mwenye nyumba wangu neno paa hajalisikia kwa hiari yake tangu mvua za masika ya mwaka gani sijui. Tumemwandikia ujumbe, tumempigia picha beseni, tumempelekea mtoto aliyelowa.

"Paa? Paa la nani? Umeleta fundi kwenye nyumba yangu bila kunitaarifu?"

"Nnnggh."

"Na usije ukanikata kwenye kodi! Wewe mama, ndiye fundi? Unaezeka kwa bati gani?"

"Kauri, mzee."

"Kauri?" Nikamsikia akivuta pumzi. "Unamaanisha vigae?"

"Ni nzuri sana, mzee. Inadumu miaka mingi. Ukiiangalia hujui kama siyo yenyewe."

Sauti ya mwenye nyumba ikabadilika, ikawa sauti ya mtu anayehesabu. "Aisee. Vigae. Sasa bwana mpangaji, hapo elfu thelathini haitoshi. Nyumba ya vigae si nyumba ile tena. Tuseme elfu hamsini. Umekubali?"

Mate yalikuwa yameshafika kwenye kola. Jicho la kushoto linatoa chozi, la kulia linamtafuta wakili. Nikakusanya nguvu zote za mwanamume mwenye familia, nikatoa mlio ambao hata mimi sikuujua, kitu baina ya ng'ombe na honi ya meli ya Zanzibar.

"Amina," akasema. "Mungu akuzidishie." Akakata.

Dokta akatazama saa ya ukutani. "Bado dakika mbili, baba."

Alipokitoa kile kijisinia nilikuwa na mengi ya kusema ila sina mdomo wa kuyasemea. Nikawekewa kiraka cha muda, nikaambiwa nisile kashata, nisile jojo, nisitafunie upande ule mpaka maabara wamalize. Kumbe kuna mashine, iliyoanza kutumika kwa mgonjwa kule Zürich mwaka 1985, ambayo unapigwa picha ya jino na inachonga kipande cha kauri hapo hapo ukiwa bado umekaa. Wazungu wanaingia asubuhi na kutoka mchana na jino lao. Sisi gego linapanda bodaboda kwenda maabara, na tunaliombea safari njema.

Jioni mwenye nyumba akaja mwenyewe, na ngazi begani. Akapanda, akakuta bati lile lile na tobo lile lile, mbingu inaonekana vizuri. Hakuuliza litazibwa lini. Aliuliza vigae viko wapi. Kwa kuwa ganzi ilikuwa imeisha nikamweleza neno kwa neno, nikampanulia kinywa. Akawasha tochi, akachungulia muda mrefu, akaguna. Hivyo binadamu wa kwanza nje ya kliniki kuutazama urembo wangu ni yeye. Elfu hamsini akaiondoa, kwa huruma. Elfu thelathini imebaki, kwa sababu niliikubali mbele ya mashahidi wawili waliovaa makoti meupe.

Sasa nawauliza watu wa bima bila mzaha hata kidogo. Kila mwezi mnakata kwenye mshahara wangu, na hamjawahi kunipigia kwa sauti laini kuniuliza kama makato hayo ni ya lazima au ni ya urembo. Gego nikiling'oa kama mnavyopenda, la juu yake linaanza kushuka kufuata pengo, na la nyuma yake linalala. Dokta kanionyesha picha. Baada ya hapo utatibu matatu badala ya moja, na mtu mzima hapewi mengine. Hili lenyewe ndilo huota mtoto akiwa na miaka kama sita, linajipenyeza nyuma kimya kimya, wazazi wanadhani ni la utoto, wanasema acha lioze litang'oka. Linafanya kazi kuanzia darasa la kwanza mpaka kustaafu. Nyama ya mchuzi linasaga lenyewe, muwa linasaga lenyewe, meno ya mbele yapo yanapiga picha za pasipoti tu. Halafu siku moja linaumia kazini, mnaliita kipodozi! Mnanichekesha, na nikicheka hewa inaingia kwenye tobo, najuta.

Mapambo ya meno mimi nayafahamu, jamani. Shangazi yangu wa Tanga ana jino la dhahabu, la mbele, juu, upande wa kulia. Hilo ndilo urembo. Liliwekwa wakati wa ujana wake, na tangu hapo hajawahi kucheka kwa upande wa kushoto. Kwenye arusi anatafuta kwanza taa iko wapi, ndipo anakaa. Kinachoniuma ni kwamba dokta ameniambia dhahabu ni katika vitu bora kabisa vya kutengenezea onlei, haipasuki, hailitafuni jino la upande wa pili, ila watu siku hizi wanataka rangi ya jino. Mimi sina ubaguzi wa rangi. Nikampigia shangazi kumdadisi, kwa heshima, yeye ana mpango gani na ile yake huko mbeleni.

"Mwanangu," akasema, "umechelewa. Binamu zako walishagawana tangu nilipolazwa na malaria."

Tena akanikumbusha kwamba binamu mkubwa kati ya hao anaozesha mwezi ujao, na kwamba jina langu kwenye lile kundi la WhatsApp la kamati ya arusi linasomeka peke yake, halina kiasi cha mchango mbele yake, watu wanalitazama. Kweli nikafungua. Ujumbe mia na kitu. Keki, ukumbi, sare, MC anataka nusu kwanza. Nikaandika kwa ufupi kwamba nipo kwenye matibabu makubwa ya kinywa, kauri inasubiriwa kutoka maabara, bima imekataa, kodi imepanda.

Mwenyekiti wa kamati akajibu kabla sijaweka simu chini: "Pole sana kaka, Mungu atakuponya. Tukuandikie mchango wa kadi ya dabo?"