Chensoo ya Mufindi na chensoo ya Ujerumani: tofauti haiko kwenye suruali

Kila picha ya mkata miti wa Ulaya na chensoo yake, yaani msumeno wa injini, ikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp, watu wa nyumbani Mufindi, Tanzania, wana jibu moja: "Hao wana vifaa." Ni kweli. Kofia ngumu yenye wavu wa uso, viziba masikio, mabuti, suruali nene. Lakini ukiishika kazi hii huku Ujerumani, unaona kwamba vifaa vyote vikivuliwa, sehemu kubwa ya tofauti ingebaki palepale, na sehemu hiyo haiuzwi dukani.

Tuanze na suruali yenyewe, maana ndiyo inayotamaniwa. Ndani yake kuna tabaka za nyuzi ndefu. Cheni ikigusa, nyuzi hufumuka, huvutwa hadi kwenye sproketi, lile gurudumu la meno linalozungusha cheni, na kuisonga, cheni inasimama. Suruali ya Daraja la 1 imepimwa kwa cheni inayokwenda mita 20 kwa sekunde, na misumeno mingi ikivutwa resi yote inapita hapo. Halafu ile ya kawaida hulinda mbele ya mguu tu. Ikishakatwa mara moja hadi kwenye nyuzi, imekwisha; kuishona ni kujidanganya, kwa sababu mshono hufunga nyuzi zisifumuke. Kwa hiyo ukiikuta mtumbani ina kiraka pajani, muachie mwenye meza. Mpya huku ni kati ya euro 100 na 200, na sitamwambia kijana anayelipwa kwa ubao mmoja mmoja pale Mafinga kwamba aache kula aende kununua.

Nitamwambia habari ya mikono. Huku msumeno huwashwa ukiwa chini: breki ya cheni imefungwa, mguu wa kulia umekanyaga mshikio wa nyuma, mkono wa kushoto umenyooka juu ya mshikio wa mbele, ndipo unavuta kamba. Nyumbani tunauning'iniza hewani, mkono mmoja unashika, mwingine unavuta, na cheni inayozunguka inapita karibu na goti. Kuwasha chini hakuna gharama hata ya senti. Kidole gumba cha kushoto nacho lazima kizunguke mshikio. Wengi wetu tunakilaza juu pamoja na vingine, na msumeno ukipiga teke unachomoka mkononi kama sabuni.

Teke hilo lina mahali pake. Ni robo ya juu ya ncha ya baa, ule upanga wa chuma unaobeba cheni. Jino linaloshuka pale likigonga gogo jingine au kijiti, haliwezi kukata, basi linasukuma, na baa yote inaruka juu kuelekea shingo na uso kabla hujafikiri. Breki ya cheni iliwekwa kwa ajili hiyo. Sasa tazama misumeno inayopendwa kupasulia mbao kwetu: zile STIHL 070 kubwa, injini ya zaidi ya sentimita 100 za ujazo, na nakala zake za bandia. Nyingi hazina breki kabisa. Inachekesha kidogo, kwa sababu STIHL ni kampuni ya hukuhuku, makao yake Waiblingen karibu na Stuttgart, na humkuti fundi wa msitu hapa akiingia kazini na mashine isiyo na breki. Kama ndiyo uliyo nayo, sheria ni moja: ncha isiguse kitu usichokiona, na saidia fundi asisimame kwenye mstari wa baa. Yule anayeshika ule uzi uliochovywa kwenye unga wa betri kuukuu, akishapiga mstari, aondoke pembeni.

Kwenye kuangusha, Wajerumani ni watu wa vipimo, na hapo nawapa haki yao. Mdomo wa mti, ile kata ya upande unaokwenda kuangukia, ni kati ya sehemu moja ya tano na moja ya tatu ya kipenyo. Bawaba, ile mbao inayoachwa bila kukatwa kati ya mdomo na kata ya nyuma, ni sehemu moja ya kumi. Kata ya nyuma iwe juu ya sakafu ya mdomo, nayo kwa sehemu moja ya kumi. Mpaina wa sentimita 40: mdomo sentimita 8 hadi 13, bawaba 4, kata ya nyuma 4 juu. Bawaba ndiyo usukani. Ukiikata yote "ili mti uanguke haraka", mti unachagua mwenyewe pa kwenda. Mkaratusi ulioinama sana mbele ni hatari nyingine: ukiukata kutoka nyuma kwa kawaida, shina hupasuka wima na kipande kinaruka juu kama mkuki. Dawa yake ni kuichomeka baa kutoka ubavuni nyuma ya bawaba, kuchonga kuelekea nyuma, na kuacha mkanda wa mbao upande wa nyuma. Mkanda huo unakatwa mwisho. Watu wengine wote wawe mbali urefu wa mti mara mbili. Mti wa mita 25, mita 50. Kwetu watoto wanasubiri matawi ya kuni mita kumi kutoka hapo.

Tupa, ile ya kunolea cheni, nayo tunaidharau. Cheni kali hutoa chenga, cheni butu hutoa unga. Ukiona unga, unasukuma kwa kifua, na anayesukuma ndiye anayeanguka juu ya msumeno. Vile vizuizi vilivyo mbele ya kila jino vishuke chini ya jino, kwa cheni nyingi, kiasi cha milimita 0.65; ukivisaga zaidi ili cheni "ikate" haraka, inang'ata na kuruka. Mafuta: uwiano wa 50 kwa 1 ni mililita 100 za oili ya 2T katika petroli lita 5. Na oili chafu ya gari kwenye cheni, ambayo ni desturi yetu, ina vumbi la chuma linalosaga baa, na inarushiwa ngozi yako siku nzima.

Msidhani huku ni peponi. Tangu ukame wa 2018 misprusi (spruce) na mifukwe (beech) imekauka kwa wingi, na ukigonga kabari ya kuusukuma mti uanguke, tetemeko linaangusha matawi makavu kichwani. Ndiyo maana sasa wanatumia kabari zinazoendeshwa kwa rimoti au kuvuta kwa winchi. Na katika kupasua ubao ulionyooka kwa jicho na mkono mtupu, sijaona Mjerumani wa kumfikia fundi wa Njombe.

Ila wanatuzidi jambo moja: hakuna anayekata peke yake. Hata raia anayekwenda msitu wa serikali kukata kuni za jiko lake hudaiwa cheti cha mafunzo, kwa kawaida ya siku mbili. Msituni kuna vibao vya kijani vyenye namba. Ukipiga 112 unasoma namba, gari la wagonjwa linajua pa kuja. Kwetu, kwenye shamba la miti la Sao Hill, unaweza kutengeneza kibao chako asubuhi kabla ya kuwasha: nani ana simu, mtandao unashika kilima gani, bodaboda gani iko karibu na ina mafuta, na kitambaa safi kinene cha kukandamizia damu kiko mfuko gani. Kiwe mfukoni mwako wewe unayekata. Kikibaki kwenye begi kambini hakitakufikia.