GT ya V8 Dar: Tunaipima kwa Mizani ya Harrier

Ikitajwa GT, yaani gari la kifahari la milango miwili la safari ndefu, kama Mercedes-Benz CL500, BMW 650i au Bentley Continental GT ya miaka ya mwanzo, hukumu ya Dar es Salaam hutoka kabla bei haijaulizwa: utainunua kwa mbwembwe, utaiuza kwa aibu. Madalali wanasema hivyo, mafundi wanasema hivyo, na wengi wana ushahidi, maana mjini hapa zipo V8 (injini ya silinda nane zilizopangwa umbo la V) za milango miwili zilizofunikwa turubai hadi matairi yamekaa bapa. Ila hukumu hiyo inafunga katika furushi moja mambo matatu yenye hesabu tofauti: kodi iliyolipwa bandarini, kazi iliyoahirishwa na wamiliki waliotangulia, na ugumu wa kumpata mnunuzi mwingine. Ukilifungua furushi, baadhi ya GT hizi zina bei ya haki kabisa, na nyingine ni ghali hata ukipewa bure.

Tuanze na urahisi wa bei ya GT hizi huko zinakotoka. Mtu huona CL ya 2007 imekwenda kwa bei ya kitoto kwenye mnada wa Japani, akahitimisha kuwa ni bovu. Lakini mwenye gari Japani hutozwa kodi ya kila mwaka kwa ukubwa wa injini. Kwa magari yaliyosajiliwa kabla ya Oktoba 2019, injini ya zaidi ya lita 4.0 hadi 4.5 ni yen 76,500, na ya zaidi ya 4.5 hadi 6.0 ni yen 88,000. Gari la petroli likivuka miaka 13, kodi hupanda kwa takriban asilimia 15 na kufika yen 87,900 na 101,200. Bado kuna shaken, ukaguzi wa lazima wa kila miaka miwili. Mwenye gari la pili linalotoka Jumapili tu haoni kwa nini abebe mzigo huo, analiuza likiwa zima. Kwetu ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017 na shilingi 40 zikaongezwa kwenye kila lita ya mafuta. V8 iliyolala uani Mbezi Beach haidaiwi kitu kwa ukubwa wa injini yake mpaka itoke kwenda kunywa mafuta. Sehemu ya bei ile ndogo, basi, ni adhabu ambayo mnunuzi wa Dar hairithi.

Anayoirithi ni nyingine, na hapa inafaa kutoa kalamu. Tuseme mfumo wa TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, wa kuthamini magari yaliyotumika umeipa GT yako thamani ya 100 ikifika bandarini, bima na nauli ya meli zikiwa ndani. Thamani hiyo ni ya mfumo. Ankara yako ikiwa ndogo zaidi haikusaidii. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, tumefika 125. Juu ya 125 hiyo unatozwa ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa kuwa injini inazidi cc 2,000, yaani 12.5, na asilimia 30 nyingine kwa kuwa gari limezidi miaka 10, yaani 37.5. Sasa ni 175. VAT ya asilimia 18 juu yake ni 31.5. Jumla ya kodi ni 106.5, kabla ya tozo ndogondogo za reli na forodha, kabla ya wakala na usajili. Kodi imelizidi gari.

Gari lile lile likiwa na miaka 8 hadi 10, tozo ya uchakavu ni asilimia 15 na jumla inashuka hadi 84.4. Likiwa chini ya miaka 8, tozo hiyo haipo na jumla ni 62.25. Lakini GT ya chini ya miaka 8 ina thamani kubwa mezani kwa TRA, hivyo asilimia ndogo inazaa shilingi nyingi zaidi. Ndiyo maana waagizaji wengi huangukia kwenye zile za zamani, wakafurahia bei ya mnada, kisha wakakutana na 106.5.

Namba hiyo inasomwa vibaya. Wakosoaji huitumia kuthibitisha kuwa GT ni upotevu wa fedha, na kwa mwagizaji wako sahihi: ametoa 206.5 kwa chuma cha 100. Kwenye Harrier au Prado kodi hiyo haipotei upesi, kwa sababu mnunuzi wa pili hulinganisha bei yako na gharama ya kuagiza nyingine, nayo itatozwa kodi ile ile. Kwenye CL500 hakuna anayelinganisha. Wanunuzi ni wachache, wanaogopa, na hakuna aliyetuma fedha Japani kutafuta nyingine ya kufanana nayo. Kodi inayeyuka mikononi mwa mmiliki wa kwanza. Anayekuja baada yake anakuta gari lenye namba za Tanzania, kodi imelipwa yote, na muuzaji aliyekwisha kukubali hasara. Hasara inayotajwa vijiweni ni ya kweli, ila ina mwenyewe, naye ni yule aliyeagiza. Kwa hiyo kuagiza GT iliyozidi miaka 10 ni kosa karibu kila mara, na kununua GT ile ile ikiwa tayari iko mjini ni jambo la kukaliwa na kupigiwa hesabu.

Hesabu hiyo haianzi na herufi za namba za usajili. Mazoea yetu ya kusema "hii ni namba E", yaani imesajiliwa karibuni kuliko ya namba D, yanafaa kwa Toyota IST, ambako karibu kila mwaka wa kukaa nchini ni mwaka wa teksi, vumbi na matuta. Herufi zinaonyesha gari lilisajiliwa lini hapa, hazisemi limeundwa lini wala limetunzwaje. GT ya namba D yenye risiti za huduma inaizidi ya namba E iliyokaa miezi yadini betri ikiwa imekufa.

Kinachopaswa kuanza ni swali la ndugu: gari hili limechangia viungo na gari gani lililojaa Dar? Hapo ndipo hukumu ya jumla inapovunjika. BMW 645Ci na 650i zina injini ya N62, ile ile ya X5 za 4.4i na 4.8i za kipindi hicho, na mafundi wanaoijua wapo. Gia boksi ya 650i na ya Continental GT ni ya familia ya ZF 6HP26, iliyomo pia kwenye Discovery 3 na baadhi ya Range Rover. CL500 ya kizazi kilichoanza 2006 ilikuwa, hadi 2010, na injini ya M273 ya lita 5.5 ya S500. Jaguar XK ya 4.2 ina injini ya ukoo mmoja na Range Rover Sport ya supacharja. Na mwenye ndugu wema kuliko wote ni Toyota Soarer ya 2001 hadi 2005, iliyouzwa kwingine na baadaye Japani kwenyewe kama Lexus SC430. Injini yake ya 3UZ-FE ya lita 4.3 ndiyo ya Celsior ya wakati huo na ya Crown Majesta ya 2004 hadi 2009. Si ya Crown za V6, kwa hiyo usidanganywe kaunta ya spea kwa neno "Crown" peke yake.

Ukishajua ndugu, ukaguzi unageuka. Wengi hufungua boneti kwanza. Injini ina ndugu, bodi haina. Kioo cha mbele, taa kubwa, vioo vya milango, bampa, mota za paa la kukunja la Soarer: hivyo havitapatikana Kariakoo wala Gerezani kwa kubahatisha, vitaagizwa kimoja kimoja. Taa iliyoingia maji au kioo chenye ufa mdogo ni punguzo kubwa kuliko uvujaji wa oili ambao kila fundi ataushangaa. Funga na fungua paa mara mbili injini ikiwa inaunguruma. Likisita katikati, sensa au mota ina tatizo.

Kisha kila moja ina ugonjwa wake. Soarer ina belti ya taimingi inayobadilishwa kila kilomita 100,000, na ikikatika vali hugonga pistoni. Kama hakuna risiti, hesabu kuwa haijabadilishwa, na uhesabu pamoja nayo pampu ya maji, tensheni, rola na sili za mbele, kwa kuwa ufundi ni ule ule. Redio yake ya Japani inaanzia 76 MHz na kuishia 90, kwa hiyo stesheni nyingi za Dar hutazipata. Kasoro ndogo, lakini ni hoja ya bei.

Kwa N62, foleni ya Dar ndiyo kipimo. Acha gari lisimame likiunguruma dakika 10 hadi 15 huku AC inafanya kazi, halafu kanyaga mafuta mara moja. Moshi wa buluu ukitoka kwa kishindo, sili za vali zimekauka. Ziko 32, na kazi ni ya siku kadhaa. Angalia pia mbele ya injini chini ya pampu ya maji. Tone la kulanti (maji ya kupozea injini) hapo huashiria bomba linalopita katikati ya V. Njia ya kiwandani inahitaji kubomoa mbele ya injini, lakini kuna bomba mbadala la kurefuka ambalo huingizwa baada ya kukata la zamani, na bei inapungua sana. Fundi asiyelijua bomba hilo atakupa makadirio ya kukukimbiza.

CL500 ina saspensheni ya haidroliki iitwayo ABC, inayofanya kazi kwa shinikizo la takriban bari 200. Iegeshe mahali tambarare, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda kwa pembe zote nne, iache ilale, upime tena asubuhi kabla ya kuwasha. Pembe iliyozama sana kuliko wenzake ina vali au hosi inayovujisha. Ikigonga kwa ukavu kwenye matuta, akumuleta (chupa za gesi zinazomeza mishtuko) zimekufa. Oili yake ni ya haidroliki ya aina ya CHF 11S, rangi ya kijani; ukikuta nyekundu kwenye tenki, mtu ameweka ya gia boksi, na bei ya gari hilo ni bei ya spea. Kwenye injini, M273 za mwanzo zenye namba ya mfululizo chini ya 088611 zina gia ya taimingi inayolika meno, na kuibadilisha ni kushusha injini. Namba imegongwa kwenye bloku, isome mwenyewe.

Continental GT ndiyo ambayo wakosoaji wana haki nayo karibu yote. Injini yake si V8 bali W12 (silinda 12) ya cc 5,998 yenye turbo mbili, nayo imebanwa kiasi kwamba hosi ndogo ya vakyumu inaweza kudai injini ishuke. Matundu ya kutolea maji chini ya kioo cha mbele huziba kwa majani, na gari lililoegeshwa chini ya mwarobaini wakati wa masika hujaza maji hadi kwenye kompyuta. Inua zulia miguuni uguse. Undugu wa gia boksi haumwokoi mtu hapo.

Wakosoaji wana hoja nyingine ambazo ukaguzi mzuri haufuti. V8 ya lita 5.5 kushuka chini ya kilomita 6 kwa lita kwenye foleni ya Morogoro Road ni kawaida. Gari ni la chini, na Jangwani ikijaa maji hulipitishi. Spea ikiagizwa, gari linakaa wiki kadhaa, kwa hiyo asiye na gari jingine asinunue. Na kuuza kutachukua miezi. Anayenunua GT kwa mkopo, au kwa matumaini ya kurudisha fedha baada ya mwaka, amekosea hata akipata nzuri kuliko zote.

Kwa aliyebaki, bei inajengwa hivi. Pima kwa mashine inayosoma mifumo yote ya gari, si kile kifaa kidogo kinachosoma injini tu. Mashine ikionyesha kuwa majaribio ambayo gari hujifanyia lenyewe hayajakamilika, huenda makosa yamefutwa karibuni. Tafuta cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje (export certificate) ulinganishe kilomita zilizoandikwa humo na za dashibodi. Soma tarehe ya matairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kisha andika kila kazi iliyoahirishwa kwa bei ya fundi na spea. Muuzaji akitaka milioni 40 na orodha ikafika 9, ondoa 9 yote, usigawane naye nusu, kwa kuwa siku gari litakazokaa gereji nazo ni zako. Ondoa tena kiasi kwa usichokiona. Asilimia 10 si uonevu kwa gari la umri huo. Muuzaji wa GT aliyekaa na tangazo miezi minne ataisikia hesabu iliyoandikwa kuliko "punguza kidogo, bosi".

Kabla ya mkataba kwa wakili, linganisha chasisi na kadi, kagua faini za barabarani, na uulize kama gari liliingia kwa msamaha wa kodi. Masaki na Oysterbay zina magari ya namna hiyo, mali ya wanadiplomasia na wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa, na mara nyingi ndiyo yaliyotunzwa vizuri zaidi. Likihamia kwa asiye na msamaha, kodi inadaiwa, kwa hiyo bei inayovutia hapo ni ya gari ambalo bado halijapita forodha. Andikeni kwenye mkataba nani anailipa, na fedha ya mwisho itoke baada ya kadi kusoma jina lako.