Rimu ya pikapu ya mzigo iulizwe kilo kwanza

Nenda maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, useme unatafuta rimu za pikapu. Swali la kwanza utakaloulizwa ni "tundu ngapi, bosi?" Anauliza tundu za bolti. Ukijibu sita, unashushiwa rundo zima, na kuanzia hapo mazungumzo yote ni rangi na bei. Kwa gari la kutembelea mjini pengine inatosha. Kwa pikapu inayopakia saruji, marumaru au kreti za soda kwenda Chalinze, mimi sikubali. Swali la kwanza liwe: rimu hii inabeba kilo ngapi?

Na jibu lipo kwenye rimu yenyewe. Igeuze uitazame kwa ndani, au nyuma ya mikono yake. Utakuta maandishi yaliyotoka na kalibu: kipenyo na upana kwa inchi, kwa mfano 17x8J, kisha herufi ET na namba, na kwenye rimu iliyotengenezwa na watu makini utakuta pia MAX LOAD ikifuatiwa na kilo au ratili (LB). Ikiandikwa 2535LB, hiyo ni takriban kilo 1150. Rimu nyingi za magari madogo zimeandikwa kilo 690. Sasa chukulia pikapu yako inaruhusiwa tani 2.3 kwenye ekseli ya nyuma. Gawa kwa mbili: kila rimu ya nyuma inatakiwa kubeba kilo 1150 gari likiwa limesimama tu, kabla hujapita tuta wala shimo. Ukifunga ile ya 690 umepungukiwa kilo 460 kila upande. Hakuna rangi itakayofidia hapo.

Kwa rimu za mtumba kutoka Japani kuna alama nyingine ya kutafuta. JWL ni alama ya kiwango cha rimu za aluminiamu za magari ya abiria, na JWL-T ni ya malori na mabasi. Hiyo T ya mwisho ndiyo yako. Mimi ningechukua rimu iliyotumika, imechubuka kidogo lakini ina JWL-T na kilo zake zinasomeka, kuliko mpya inayong'aa isiyo na andiko lolote nyuma. Muuzaji akikwambia "hizi ni imara, amini", mwombe akuonyeshe ilipoandikwa.

Nalisisitiza hili kwa sababu barabarani hakuna atakayekupimia. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inashughulika na gari za kuanzia tani 3.5, kwa hiyo pikapu nyingi zinapita kituo cha Vigwaza bila kupanda mzani. Ukaguzi wa uzito unabaki kwako na kwa fundi wako.

Baada ya kilo, ndiyo tuje kwenye tundu. Kuhesabu peke yake hakutoshi, kwa sababu kinachotakiwa kulingana ni kipenyo cha duara linalopita katikati ya tundu zote, hiyo wanayoiita PCD. Hilux, Ranger, D-Max na L200 ni sita kwa milimita 139.7. Navara ya toleo la D40 nayo ina sita, lakini ni 114.3, haiingiliani na hizo kabisa. Land Cruiser 79, pikapu ya kazi hasa ya nchi hii, ina tano kwa 150. Wenye pikapu kubwa za Marekani wana kazi zaidi: Ford F-250 ni nane kwa 170, na Ram 2500 ni nane kwa 165.1. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, ila bolti zitakataa, au mbaya zaidi, zitakubali kwa kulazimishwa. Kwenye rimu ya tundu sita, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jirani yake. Ukipata karibu milimita 70, hiyo ni 139.7. Ya tundu tano ukipata 88, ni 150. Futi kamba inatosha.

Halafu kuna tundu kubwa la katikati, ambalo wengi hawalitazami kabisa. Tundu hilo huingia kwenye habu, kile kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake. Habu ya Hilux ina kipenyo cha milimita 106, ya D-Max ni 100, ya Ranger 93, ya L200 ni 67. Ndiyo maana rimu ya Hilux inaingia kwenye Ranger bila shida, PCD ni ileile, lakini inabaki na nafasi pande zote za habu. Rimu ya namna hiyo inakaa katikati kwa msaada wa nati peke yake. Ikikaa kombo hata kidogo, usukani unatetemeka kuanzia spidi themanini, na utabalansi tairi mara tatu bila kupona. Dawa yake ni ringi ya kujazia, ndani 93 na nje 106, inayovishwa kwenye habu. Rimu yenye tundu dogo kuliko habu ndiyo hupelekwa kwa fundi wa mashine ya kuchongea. Hapo fundi anakata chuma sehemu ambayo aliyeisanifu aliihesabu kwenye uimara. Kwa gari la mzigo, mimi nasema iache.

Ofseti ndiyo inayoumiza gari polepole. Ile namba ya ET inaonyesha uso unaogusa habu umekaa umbali gani kutoka katikati ya upana wa rimu. Namba ikishuka, tairi linatoka nje. Tuseme pikapu imetoka kiwandani na rimu ya inchi 7.5 yenye ET30, ukaipenda ya inchi 9 yenye ET0 kwa sababu inajaza bodi vizuri. Piga hesabu: ukingo wa nje umesogea milimita 49, karibu sentimita tano. Uzito uleule sasa unaning'inia mbali zaidi na beringi. Beringi za mbele zitaanza kulia, usukani utakuwa mzito na kuvutwa na kila shimo, na mvua ikinyesha, tope lote la Goba litapanda mlangoni. Mwenye gari atamlaumu fundi kwamba kafunga beringi feki, kumbe beringi ni halali kabisa.

Land Cruiser 79 ina habari yake hapa, na naielewa hamu ya wanaoibadilisha. Tangu matoleo ya 2007 ekseli ya mbele ni pana kuliko ya nyuma kwa takriban milimita 95, yaani matairi ya nyuma yamekaa ndani karibu sentimita tano kila upande. Kwenye mchanga matairi ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele, yanajichimbia yake. Basi watu hufunga nyuma spesa, yaani bamba la kati ya habu na rimu, au rimu za nyuma zenye ofseti tofauti na za mbele. Kati ya hizo mbili nachagua rimu, mradi kilo zake ziwe zimeandikwa, maana spesa inaongeza mahali pengine pa kulegea. Ila ujue kwamba kwa njia zote mbili beringi za nyuma zinabeba zaidi, hivyo usidhani umepata kinga ya kupakia tani moja na nusu. Na anayetembea lami muda wote, Ubungo hadi Morogoro, sioni kwa nini aguse chochote.

Kuhusu ukubwa, angalia hesabu ya matairi matatu yanayovaliwa sana. 265/65R17 ina ukuta wa mpira wa milimita 172. 265/60R18 ina 159. 265/50R20 imebaki na 132 na kidogo. Kimo cha tairi zima ni kilekile, karibu milimita 775, kwa hiyo spidomita haisumbuki. Ulichopoteza ni sentimita nne za mpira kati ya chuma na shimo. Kwa njia za Bonyokwa baada ya masika, na tani moja mgongoni, hizo sentimita nne ndizo zinazozuia rimu kupasuka. Kwa gari linalofanya kazi nabaki inchi 16 au 17. Rimu ya chuma ikigonga inapinda, fundi anainyoosha na safari inaendelea. Ya aluminiamu inapata ufa, na ufa uliochomelewa sitaurudisha kwenye ekseli inayobeba mzigo, hata mchomeleaji awe hodari vipi.

Kabla hujalipa, omba rimu moja ifungwe mbele bila tairi, uizungushe kwa mkono uone kama inagusa kalipa ya breki. Dakika chache tu, na muuzaji mwaminifu hatakataa.

Nati nazo zina umbo. Rimu nyingi za aluminiamu za Toyota zinatumia nati yenye shingo na washa bapa. Za chuma, na nyingi zinazouzwa madukani, zinataka nati yenye uso wa pia, yaani uliochongoka. Ukifunga bapa mahali pa pia, nati inashika kingo tu na italegea. Baada ya kufunga rimu mpya kaza kwa spana ya kupimia mkazo, kisha rudia kukaza ukishatembea kilomita 50 hadi 100. Anayetoka Dar, Mlandizi ni mahali pazuri pa kusimama. Na kwa kuwa spea yako huenda imebaki ile ya chuma ya kiwandani, nati zake za zamani zisiuzwe na rimu za zamani. Ziweke kwenye boksi la spana pamoja na jeki, na kama umevisha habu ringi, hakikisha mapema kwamba spea inaingia bila kuitoa.