Dakika Kumi za Bangkok

Jirani yangu wa fremu pale Kariakoo ana ugonjwa mmoja: kwake yeye kila mahali ni dakika kumi. Posta dakika kumi, Mbagala dakika kumi, ukimwachia aendelee na Morogoro utafika kabla chai haijapoa. Sasa mtu huyo ndiye niliyemuuliza njia ya Bangkok.

"Ukitoka uwanja wa ndege panda treni, shuka Ratchaprarop," akaniambia. "Hapo usipande kitu, utaliwa hela bure. Unaliona jengo refu la Baiyoke, unalifuata. Dakika kumi kwa miguu uko Pratunam, kwenye soko la nguo." Mimi na ubahili wangu tukakubaliana naye palepale.

Jengo nililiona, siwezi kumsingizia. Lina mita 304, utaachaje kuliona? Unaliona ukiwa kituoni, unaliona ukiwa umepotea, unaliona ukiwa umekaa kwenye ngazi za watu unahema. Tatizo ni kwamba ukilisogelea nalo linajisogeza. Nilikata kona moja nikalikuta kushoto. Nikakata nyingine, liko mgongoni kama mdai.

Halafu njia yenyewe ya miguu. Bangkok ile njia imegawiwa kila mtu isipokuwa anayetembea. Kuna mama na jiko lake la mishikaki, fundi na cherehani yake, kuna mti, na nguzo ya umeme iliyobeba nyaya kama tambi zilizomwagikia uma. Kuna na kijumba kidogo cha mizimu kimewekewa soda nyekundu, imefunguliwa kabisa na mrija ndani. Kwa kiu niliyokuwa nayo siku ile, ile soda niliitazama mara mbili. Sikuigusa. Ugeni wenyewe ule, halafu uanze kugombana na mizimu ambayo hata lugha yako haijui!

Panapobaki upenyo, bodaboda wanapita. Wanavaa vizibao vya rangi ya chungwa, na foleni ikikaza wanapanda juu huku huku tuliko sisi. Wala hakupigii honi. Anakuja nyuma yako taratibu, pikipiki inanguruma kama paka aliyeshiba, anatabasamu, anangoja. Mpaka wewe mwenyewe uone haya umpishe. Na mimi, mtu mzima mwenye haki zangu, nikampisha na kumwomba radhi juu.

Mvua nayo ikaja saa kumi, dakika ishirini tu, ikaondoka kama haikuhusika. Baada yake ndipo nikazijua zile tailsi. Tailsi moja inakuwa imelegea, chini yake maji yamejificha yanakusubiri. Kwa macho huitambui. Wenyeji wanaziruka bila hata kuangalia, kama wamezaliwa nazo. Mimi nikaikanyaga pembeni, ikainuka upande wa pili, ikanirushia tope kuanzia kwenye soksi mpaka kwenye zipu. Kwenye zipu, jamani! Na begi la magurudumu ninaburuta, na watu wananitazama, nami siwezi kumweleza mtu kwamba hii ni tailsi.

Nikaingia dukani kununua maji, ukweli nilifuata kiyoyozi. Kutazama risiti, mwaka 2568. Nikajua hapa joto limeshanipanda kichwani. Kumbe wenzetu wanahesabu miaka ya Buddha, wako mbele yetu kwa miaka 543. Nikafikiria yule mpangaji wangu anayeniambia kila mwezi kodi atalipa "mwakani". Huyu ningemleta huku zamani sana.

Njaa ikaniuma. Nikamkuta mama ana kinu na mchi, roho ikatulia, maana penye kinu na mchi mimi ni nyumbani. Anakata papai bichi nyuzi nyuzi. Papai bichi! Kwetu lile ni la kulainishia nyama ya ng'ombe mzee, huku ndilo chakula chenyewe, wanaliita som tam. Akachukua pilipili, akaninyooshea vidole kuniuliza ngapi. Mimi nikaona nisionekane mgeni, nimekulia Tanga mimi, pilipili naijua. Nikamnyooshea vidole vitatu. Akanitazama usoni, akanitazama na begi langu, akatia moja. Nikakasirika! Nikamwonyesha tena vitatu. Akatabasamu, akaongeza mbili, akatwanga.

Tonge la kwanza nikasikia masikio yanaziba. La pili nikaanza kuwakumbuka watu niliowakosea. Mama akaniletea glasi ya barafu bila kuulizwa, akakaa kwenye kile kistuli cha plastiki akanitazama kwa huruma. Baht 60 nimelipa. Kila baht nazidisha kwa 80, ikawa kama 4,800 za kwetu. Kwa kilio kile nimeuziwa rahisi.

Nje nikakutana na kijana wa bajaji, wao wanaita tuk-tuk. Akanipa salamu ya mikono miwili kifuani, nami nikamrudishia salamu, begi likaanguka. "Pratunam? Leo pamefungwa, bosi," akasema kwa Kiingereza chake, "nikupeleke kwenye duka la vito, leo bei ya serikali." Pilipili yote ikanitoka. Mimi nimeshinda Kariakoo miaka ishirini na mawinga, leo wa ugenini aniambie soko limefungwa? Tena aniuzie vito mimi, ninayetoka kwenye nchi inayochimba Tanzanite? Nikamcheka, naye akacheka, tukaelewana kabisa kikazi. Akanionyesha kwa kidole: Pratunam ilikuwa nyuma yangu. Nilishaipita.

Hoteli nayo ikawa kisa kingine. Vichochoro vyao, soi, vinapewa namba: witiri upande huu wa barabara, shufwa upande wa pili. Mimi yangu shufwa, nimepita witiri zote kwa uaminifu, huku namlaani aliyeniandikia anwani. Kuvuka nikapanda daraja la waenda kwa miguu, na begi, ngazi ambazo sikuzihesabu kwa kuogopa kujihurumia.

Jioni nikataka wali. Jirani alishaniambia Nana kuna mtaa wa Waarabu, wali na nyama vipo, "kutoka hapo ni dakika kumi". Safari hii nikamkatalia kwa sauti, peke yangu barabarani. Nikaenda mpaka Chit Lom, nikanunua tiketi ya treni ya juu kwa hela zangu mwenyewe, nikapanda ngazi mbio niiwahi.

Ghafla kituo kizima kikasimama. Wanafunzi, akina mama na mifuko, mlinzi, wote wameganda. Mimi mtoto wa mjini, wazo la kwanza ni msako. Nikaganda nami, mguu mmoja kwenye ngazi, mkono mfukoni nimeshika pasipoti. Ndipo nikasikia wimbo kwenye spika. Ni saa kumi na mbili jioni, wimbo wao wa taifa, na ukipigwa watu wanasimama.

Nikashusha mguu, nikanyooka. Hakuna pikipiki nyuma yangu, hakuna tailsi, hakuna anayenihimiza kwenda popote. Siku nzima sikuwa nimesimama hivyo. Ulipokwisha, wenzangu wakaondoka. Mimi nikabaki kidogo, kama wataurudia.