Mihrabu mbili

Nilipomwambia mama naenda Ujerumani kusoma historia ya sanaa, aliuliza: "Hiyo sanaa ina nini mpaka uifuate kwenye baridi?" Baba mdogo hakuuliza kitu, alicheka tu. Kwao mtu huvuka bahari kwa udaktari, au basi uhandisi.

Na si safari ya bei nafuu. Vyuo vya serikali hapa Berlin havitozi ada ya masomo, lakini visa huipati bila kuonyesha pesa za kujikimu, na wengi wetu huziweka kwenye akaunti ya kufungiwa. Siku hizi ni euro 11,904 za kuishi mwaka mmoja, nawe unaruhusiwa kuchota 992 tu kwa mwezi. Ni zaidi ya shilingi milioni 30. Nilipokuja mimi ilikuwa chini ya hapo kidogo, na bado ukoo mzima ulichangishana kama wa harusi.

Nilichokipata ni macho. Muhula wa kwanza mwalimu alitupeleka Gemäldegalerie, jumba la picha za kale, akatusimamisha saa nzima mbele ya picha moja ya mchoraji Bruegel ya mwaka 1559, yenye methali za Kiholanzi zaidi ya 100 zilizochorwa kama vituko vya kijiji kimoja. Mimi niliona kanga: misemo ya duka zima imetiwa mikono na miguu. Nilisema hivyo kwa Kijerumani changu cha kuungaunga. Mwalimu hakucheka, aliniambia niandike. Kule nilikosoma mimi, jibu lisilokuwemo kwenye daftari la mwalimu lilikuwa kosa.

Kisha nikaiona mihrabu ya Kashan, mji wa Iran, kabla jumba la makumbusho la Pergamon halijafungwa kwa matengenezo Oktoba 2023. Ni ya mwaka 1226, vigae vyake vinametameta kama mafuta juu ya maji. Nilisoma maandishi yake, nikaandika kurasa kumi na tano. Nikiwa katika kazi hiyohiyo, maktabani, nikafungua kitabu kuhusu pwani yetu na kukutana na mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi: maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, kwenye matumbawe, mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Yameitangulia ile ya Kashan kwa miaka 119. Mimi mtoto wa Unguja! Kizimkazi nilipelekwa na shule kutazama pomboo. Mkutano wa Berlin wa 1884 tuliukariri mpaka tukauota, lakini hakuna aliyetuambia tuvue viatu tuingie msikitini.

Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu wanaosema sanaa iko kwa Wazungu. Walichonacho ni taa nzuri, maktaba iliyo wazi mpaka usiku, na subira ya kuorodhesha. Maneno hawana. Kwenye somo la milango ya Zanzibar kila mtu aliita ule mti wa katikati, unaosimama baina ya mbao mbili, "nguzo ya kati". Na mimi nilinyamaza, kwa sababu sikulijua jina lake. Jioni nikampigia mjomba, seremala wa Malindi. "Mfaa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa jina la mkono wake. Wiki iliyofuata likaandikwa ubaoni. Mjomba ana maneno kama hayo kapu zima, na hakuna mtihani nyumbani unaomuuliza hata moja. Kwa hiyo anayeniomba ushauri wa kuja huku kusoma fani hii namwambia akakae kwanza miezi mitatu karakana ya fundi wa nakshi, ashike patasi, aulize kila kitu kinaitwaje. Kijerumani atakikuta.

Likizo iliyopita nilikwenda Kizimkazi Dimbani, nina daftari na kamera. Nilikuwa nimechuchumaa nikihesabu maua yaliyochongwa kwenye herufi mzee mmoja aliponigusa bega.

"Mwanangu, umekuja kusali au kutazama?"

"Vyote, mzee."

"Basi sogea kidogo. Imamu anasimama hapo."