Dawa ya figo, hofu ya mguu

Mwenye kidonda cha kisukari mguuni mara nyingi ana figo zinazochoka pia. Ugonjwa ulioharibu neva na mishipa ya wayo huwa umeshaanza kula vichujio vya figo. Hapo ndipo dawa za kisukari za kundi la SGLT2, zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, kama canagliflozin na dapagliflozin, zinapozua ubishi. Zinapunguza kasi ya figo kufa, ila zina sifa ya kuponza miguu.

Wenye hofu hawajaitunga. Utafiti wa CANVAS uliotolewa mwaka 2017 ulikuta kwamba kwa kila watu 1,000 waliotumia canagliflozin, 6.3 walikatwa kiungo kwa mwaka, dhidi ya 3.4 kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Wengi walipoteza vidole au sehemu ya mbele ya wayo. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ikaweka onyo lake zito kuliko yote. Dhana mojawapo ni upungufu wa maji: dawa inakojoza, ujazo wa damu unashuka, na wayo ambao mishipa yake imeziba ndio unaokosa kwanza. Haijathibitishwa, lakini anayemeza na furosemide, dawa nyingine ya kukojoza, juu yake asiipuuze.

Kisha ukaja utafiti mwingine wa canagliflozin, CREDENCE, 2019: watu 4,401 wenye kisukari ambao figo zao zinavujisha albumini, protini ya damu, kwenye mkojo. Hatari ya figo kufeli, pamoja na madhara mengine makubwa yaliyopimwa, ilishuka kwa 30%. Waliokatwa viungo kwa mwaka walikuwa 12.3 kwa kila 1,000 waliotumia dawa, dhidi ya 11.2 kwa wasioitumia, tofauti isiyo na uzito. Mwaka 2020 onyo likaondolewa. Wanaoitaja CREDENCE kama hati ya kuachiwa huru husahau jambo moja: katikati ya utafiti watafiti waliagizwa kukagua miguu kila mgonjwa anapokuja, na kusimamisha dawa kwa muda mguu ukiwa na tatizo linaloweza kuishia kwenye kisu. Kwa hiyo utafiti huo haujaisafisha jina dawa hii kwa mwenye kidonda kilicho wazi.

Kwangu, swali ni mguu ukoje leo. Kuna kidonda wazi, usaha mfupani au kidole cheusi? Usianze dawa hizi. Aliyekwisha kuanza asimamishe. Upasuaji uliopangwa unataka zisimame siku 3 kabla (ertugliflozin, ya kundi hilohilo, siku 4), kwa sababu damu inaweza kujaa asidi ya ketoni huku sukari ikiwa chini ya 250 mg/dl. Glukometa inaonyesha hali si mbaya, kumbe mgonjwa anatapika na kuhema haraka. Pima ketoni kwenye damu.

Kosa la kawaida linakuja baadaye: dawa inasimamishwa wodini, kidonda kinapona, hakuna anayeirudisha. Andika kwenye kadi nani ataamua kuirudisha, na lini. Ikirudi, eGFR (kipimo cha kasi ya figo kuchuja damu) ikishuka kidogo wiki za mwanzo, hata hadi 30%, hiyo peke yake si sababu ya kuiacha.

Na aliyekatwa mguu asishangilie kreatinini iliyoshuka, ile taka ya misuli inayopimwa kwenye damu kujua hali ya figo. Misuli imepungua, basi kreatinini inayotengenezwa nayo imepungua. Figo ziko palepale. Sistatini C, kipimo cha damu kisichotegemea sana misuli, pamoja na albumini ya mkojo, itasema ukweli zaidi.