Blanketi la mama mkwe

Kipupwe cha Dodoma hakina adabu. Upepo wa Juni unapita chini ya mlango bila hodi, na mama mkwe wangu alikuwa anakuja kutoka Kondoa. Nikasema nimshonee blanketi: vipande vya vitenge juu, blanketi kuukuu katikati, shuka chini. Kuunga vipande si kazi. Kazi ni kuyashona matabaka yote pamoja kwa maua ya kuzungukazunguka.

Nikaenda soko la Majengo kwa mzee mmoja anayedarizi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Shusha meno ya cherehani, toa ule mguu wake unaokandamiza kitambaa. Sasa kitambaa hakivutwi, unakisukuma mwenyewe. Mikono ikichelewa, mishono inarundikana. Ikikimbia, inakuwa mirefu mno. Na kile kichuma cha nyuma kishushe hata kama mguu haupo, la sivyo chini utakuta kichaka cha nyuzi."

Chini ya mikono yake ua lilijichora lenyewe. Langu la kwanza, nyumbani, lilitoka kama kiazi. La pili, kiazi kilichooza.

Nilikuwa nimejifunga kanga mbele, fundo nyuma, pindo nimelikunja mapajani likusanye mabaki ya nyuzi. Taratibu nikapata mwendo. Miguu inakanyaga, mikono inazunguka, nami naimba. Blanketi likawa zito kidogo. Nikasema ndio unene wenyewe huo, nikasukuma.

"Hodi!"

Mkwe hapokewi umekaa. Nikainuka, blanketi likainuka nami, cherehani ikayumba, sindano ikakatika paa!

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona wamekufunga?"

Ikabidi mume wangu anifungue fundo. Tukaligeuza blanketi: pindo la kanga limeshonewa chini yake, maua yamebanana, wembe hauna pa kupita. Na jina la kanga limekaa katikati, limenyooka utadhani nimepima. Mwanangu yuko darasa la pili, siku hizi anasoma hata mifuko ya saruji. Akaweka kidole:

"M-ta-se-ma m-cha-na, u-si-ku m-ta-la-la."

Baba yake akakumbuka ghafla kwamba kuku hawajafungiwa.

Mama mkwe akalipima blanketi uzito, akajifunika mabegani, akavuta kiti.

"Nimekuelewa, mwanangu. Lakini jua bado halijazama. Kaa hapa, nianze kusema."